Mtazamaji Namba Moja

Taa ya namba moja ilizimika wakati wa matangazo, ikawaka tena tamthilia iliporudi.

Ni jambo dogo. Mtu mwingine angesema umeme unachezacheza, akaendelea kutafuna. Lakini mjane wa nyumba ya mwisho kwenye ule uchochoro alikuwa dobi, ameishi kwa kuona madoa ambayo wenye nguo zao hawayaoni, na hilo aliliona. Rimoti ilikuwa mapajani mwake. Kidole chake hakikuigusa. Na namba moja ilikuwa namba ya mumewe, aliyekuwa chini ya udongo tangu kabla ya mvua.

Kisanduku chenye taa hizo kinataka maelezo, maana si kila nyumba inacho. Kampuni moja ya kukusanya maoni ya watazamaji ilizunguka mitaani, ikachagua nyumba hii na ile, ikaweka juu ya runinga kisanduku chenye safu ya taa ndogo za kijani. Kila mtu wa nyumba hupewa namba yake, na wageni nao wana yao moja ya pamoja. Ukikaa kutazama, unabonyeza namba yako kwenye rimoti, taa yako inawaka. Ukiinuka, unabonyeza tena, inazima. Tamthilia ikiisha unatoa alama, sifuri hadi kumi. Usipobonyeza chochote, kinawasha taa nyekundu na kukonyeza, kukonyeza, kama mgeni asiye na adabu anayeuliza: nani yupo? Nani yupo? Ndivyo watengeneza tamthilia wanavyojua nani wamuue na nani wamfufue.

Mume alikuwa moja, mke mbili. Mume alikuwa fundi baiskeli, mtu wa makelele, mpenzi wa ile tamthilia ya chombo cha anga, ambamo watu wachache wamefungiwa ndani ya chuma wanaelekea kwenye nyota ambayo hawataifikia wakiwa hai. Mke alipenda ile ya nyumba ya majini. Walibishana kila jioni ya Mungu.

"Hayo majini yako yamepakwa unga wa ngano," mume angesema.

"Na chombo chako ni mabati ya kuezekea. Juzi nimeona misumari."

"Ile si misumari ya kawaida. Ni ya anga."

"Misumari ya anga. Haya, baba, nimesikia."

Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yao. Wanaoshikana mikono barabarani hawajui kitu.

Mume alipokufa, waombolezaji walikaa siku zao, wakala, wakalia, wakaondoka na sufuria ambazo hawakuja nazo. Jioni ya kwanza ya upweke wake mjane aliwasha runinga ili nyumba iwe na sauti. Kisanduku kikaanza kukonyeza. Nani yupo? Akabonyeza mbili. Kisha, kwa mazoea au kwa ukaidi, naye hakujiuliza ni kipi, akabonyeza moja. Taa mbili zikakaa ubavu kwa ubavu kama zilivyozoea. Akapumua. Tangu hapo akawa anabonyeza zote mbili kila jioni, na kampuni hakuiambia. Kisanduku hakikuwahi kumuuliza nani amekufa.

Kwa hiyo taa ya namba moja ilipozima na kuwaka yenyewe, moyo wake uliruka kwa furaha kabla akili haijaufikia. Akili ilipofika ilikuja na neno moja tu: marehemu, katika uhai wake wote, hakuwahi kubonyeza kitufe anapoinuka. Angekwenda chooni, angekwenda kuvuta sigara nje, angekwenda hata kulala, na taa yake ikabaki inawaka kama mlevi aliyesahau kwao ni wapi. Aliyekaa pale sasa alikuwa mwaminifu kuliko marehemu.

Ndipo ikaja harufu. Kila dobi anaijua na kila dobi anaionea aibu: harufu ya nguo iliyokunjwa kabla haijakauka. Mjane aliinuka akapekua marobota ya shuka za nyumba ya wageni aliyokuwa akiifulia, moja baada ya jingine, akaweka shavu juu ya kila kitambaa. Zote kavu, zote zina joto la pasi. Akafuata pua yake. Pua ikampeleka kwenye kiti cha mumewe. Mto wa kiti ulikuwa umebonyea katikati, na wala haukuwa unainuka.

Kesho yake hakubonyeza moja. Alibonyeza mbili, akaweka rimoti mezani, akakunja mikono. Taa ya kwanza ikawaka bila yeye.

*

Binti wa maoni alifika mchana mmoja, na kishikwambi chake kwapani na viatu vya kisigino visivyofaa uchochoro ule. Kazi yake ilikuwa kupita kwenye nyumba zenye visanduku na kuwauliza watu kwa mdomo yale ambayo taa haziwezi kusema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Viatu hapo nje, nimepiga deki."

"Mzee hajambo?"

Mjane alikuwa na nafasi ya kusema ukweli hapo, nafasi pana kama mlango wa ghala. "Amejilaza," akasema.

"Aa, apumzike. Basi nikuulize wewe. Ile ya nyumba ya majini, mama, wewe unaipa tisa."

"Nilikuwa nitaipa kumi, lakini yule msichana anapiga kelele kabla hajaona kitu. Mtu hupiga kelele akishaona."

Binti akacheka, akaandika. "Na mzee anaipa sifuri."

"Anaipa nini?"

"Sifuri. Kila mara. Mitaa yote hii wanaipa nane, tisa, yeye sifuri tupu. Ofisini wamemtilia maanani sana. Watengenezaji wenyewe wanataka kujua anachokichukia ni nini."

Mjane alizijua alama za namba mbili, maana alizibonyeza yeye. Alama za namba moja hakuwa amezibonyeza hata siku moja. "Haipendi tu," akasema.

"Kwa nini? Lazima nijaze sababu, mama, bila sababu mashine hainiruhusu kuendelea."

Mjane akafungua mdomo kutafuta uongo wa pili, maana wa kwanza ulikuwa umemla nguvu zote. Ndipo sauti ikatoka chumbani, nyuma ya pazia.

"Wanapiga kelele za bure," ilisema. "Jini hatoi macho. Harushi sahani ukutani. Jini hukaa."

Binti akaitikia kwa kichwa kama anayemsikiliza mwalimu, vidole vikikimbia kwenye kioo. "Hukaa... Hukaa wapi, mzee?"

"Palipo na nafasi."

"Safi sana. Na ile ya chombo cha anga unaipa kumi. Hiyo je, kwa nini?"

"Wako mbali. Hakuna atakayewafuata."

"Asante mzee! Ugua pole."

Mjane hakugeuza shingo. Sauti ilikuwa ya mumewe, ila ilikuwa imefuliwa. Kikohozi cha sigara kilikuwa kimetolewa. Ule mkwaruzo wa mtu aliyepuliza mipira ya baiskeli maisha yake yote ulikuwa umetolewa. Ilibaki sauti tupu, nyororo, iliyopigwa pasi pande zote mbili.

"Una bahati, mama," binti alisema akivaa viatu. "Wazee wengi ukiwauliza wanajibu 'nzuri', basi. Huyu wako anafikiri."

Akaenda zake, visigino vikigonga. Mjane alisimama kizingitini mpaka mchana ukaanza kugeuka rangi. Kisha, kwa kuwa nyumba ni yake na hakuwa na nyingine, akaingia.

*

Mtu atauliza kwa nini hakukimbia. Akimbilie wapi? Kwa bintiye kuna mkwe, kuna vyumba viwili, na mama mkwe akikaa zaidi ya juma anageuka fanicha. Na dada yake alishagombana. Watu wepesi sana kusema "mimi ningekimbia" ni wale ambao jioni wana mtu wa kuwauliza wamekula nini.

Na ukweli usemwe wote: yule wa kwenye kiti alikuwa anamuuliza amekula nini.

Hakuanza siku ile wala kesho yake. Alianza polepole, wakati wa matangazo, kwa kumnong'oneza neno moja moja. Huyo mpelelezi atakufa. Akafa. Huyo mama anajua mwanawe yuko wapi. Kweli alijua. Mjane akajifanya anahesabu shuka. Kisha jioni moja kwenye nyumba ya majini mtu mmoja aliyepakwa unga alitambaa darini, na pembeni yake sauti nyororo ikasema, "Tazama. Misumari." Na mjane, kabla hajajizuia, akacheka. Alikuwa hajacheka tangu mazishini, ambako pia alicheka, kwa sababu shemeji yake alikuwa amevaa suruali ya marehemu.

Basi. Mlango wa kicheko ukishafunguka, haurudishiki. Wakawa wanazungumza. Yule wa kwenye kiti alikuwa na maoni juu ya kila kitu. Ya chombo cha anga hakuichoka kamwe. Waliposema watu wale kwamba redio yao imekufa na hakuna tena atakayewasikia, aliguna kwa raha, kama mtu anayekandwa mgongo.

Harufu haikuondoka. Mjane aliizoea, na hilo, kwa dobi, lilikuwa jambo la kutisha kuliko yote. Wenye nyumba ya wageni walimrudishia shuka. "Zinanuka unyevu," walisema. Alizifua upya, akazianika juani kutwa nzima, akazipiga pasi mpaka zikakaribia kuungua. Zikarudi tena.

Jirani yake, muuza mkaa, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kuvunja vikombe, alikuwa na desturi ya kuja kutazama majini. Alikuja. Akajitupa kwenye kile kiti cha fundi kabla mjane hajasema neno.

"Jirani, kiti chako kimelowa!" akaruka.

"Hakijalowa."

"Nakwambia kimelowa, hebu gusa." Mjane akagusa. Kikavu. Lakini gauni la jirani, mgongoni, lilikuwa limeloa maji, na maji yale yalikuwa na umbo: kiganja, na vidole, vidole virefu kuliko inavyopasa, vimetandazwa kama vya mtu anayesukuma mtu mwingine atoke kitini pake.

Muuza mkaa alijitazama kwenye kioo cha kabati kwa muda. Kicheko chake kilikuwa kimekwisha. "Mimi napenda majini wa kwenye tivi, jirani," alisema kwa sauti ndogo, akitafuta kandambili zake kwa miguu. "Wa kwenye kiti, hapana. Tutaonana sokoni."

*

Wakati huo binti wa mjane, mtoto wake pekee, mwalimu wa chekechea katika mji mwingine, alikuwa mjamzito. Mimba hiyo ilikuwa imetafutwa kwa miaka na kwa machozi. Alikuja kumtazama mama yake siku ya Jumamosi, tumbo mbele, mkoba nyuma. Mama alipomwona alisahau kila kitu, akampikia, akamkanda miguu, akamsema kwa kutokula, akamsema tena kwa kula haraka.

"Nikijifungua nitakuja kukaa hapa, mama. Mpaka nipate nguvu. Nataka wewe ndiye umwogeshe mtoto."

Mjane akageuka kutazama dirishani, kwa sababu uso wake ulikuwa unafanya mambo ambayo hakuyaruhusu. "Njoo," akasema. "Nitafanya nini kingine?"

Mchana ule runinga ilikuwa ikirudia tamthilia ya nyumba ya majini. Jua lilikuwa linawaka nje, watoto wanapiga mpira ukutani. Binti akachukua rimoti, akabonyeza namba ya wageni. Taa ikawaka. Ikazima. Akabonyeza tena. Ikawaka, ikazima.

"Mama, rimoti yako imechoka."

"Iache."

"Na hii ya baba mbona inawaka?"

"Iache, nimesema."

Lakini binti hakuiacha, alibonyeza kwa ukaidi aliourithi, akabonyeza na taa ikazima, akabonyeza na ikazima, na kila ilipozima chumba kilizidi kupoa ijapokuwa jua lilikuwa limejaa mpaka kwenye zulia, na harufu ya nguo mbichi iliyofungiwa ikapanda kutoka sakafuni ikapita magotini ikafika kooni, na sauti ya mpira ukutani ikawa inatoka mbali, mbali zaidi, kama ukuta wenyewe umebebwa ukapelekwa mahali pasipo na watoto, na binti akahisi kitu kama kitambaa cha baridi kikigusa tumbo lake juu ya gauni, kikilipapasa taratibu, kulia, kushoto, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango, na mtoto ndani, aliyekuwa anacheza tangu asubuhi, akatulia kabisa, na sikioni mwake sauti ya baba yake, nyororo, bila kikohozi, ikamuuliza kwa upole, kama mtu mwenye haki ya kujua:

"Na huyu wa ndani, yeye ni namba ngapi?"

Rimoti ikaanguka.

"Mama." Alikuwa ananong'ona. "Baba amekufa."

"Najua."

"Nilishika udongo kwa mkono wangu huu. Amekufa."

"Najua, mwanangu."

"Basi ni nani aliyeniuliza?"

Mama aliinama, akaiokota rimoti. Binti akaelewa kila kitu. Alitoka nje bila viatu, akasimama juani ameshika tumbo kwa mikono yote miwili mpaka mtoto alipopiga teke. Ndipo alipolia.

"Umekaa nacho muda gani?"

"Hakinidhuru."

"Mama! Hakikudhuru wewe. Mimi je? Huyu je?" Akafuta pua kwa mkono, kama alivyokuwa akifanya utotoni. "Sikiliza. Nitazaa, na nitakuletea mjukuu wako. Lakini hataingia humu mpaka hicho kitoke. Sikugombezi. Nakuomba. Kitoe."

*

Mganga alikuwa mtu mfupi mwenye begi la mgongoni na mafua. Aliingia, akapiga chafya, akatazama kiti, akatazama kisanduku, akauliza kile kidude ni cha nini. Mjane akamweleza. Akamweleza pia habari ya kubonyeza.

"Ee," alisema mganga. "Kumbe ndivyo. Watu huniita wakasema limeingia dirishani, limeingia na upepo, limetumwa na wifi. Hili lako halikuingia, bibi. Uliliandikisha."

"Nilimbonyezea mume wangu."

"Mumeo amekwenda walikokwenda wenzake, hana haja ya kitufe. Wewe ulikuwa unatangaza kila jioni kwamba hapo pana mtu, na hapo palikuwa patupu. Ungetangaza chumba cha kupanga, ungeshangaa amekuja mpangaji?"

Mjane hakupenda kuchekwa nyumbani kwake. "Basi litoe."

"Silitoi mimi. Utalitoa wewe, kwa mdomo. Zima taa yake, ukitazame kiti, ulitamke lile ambalo hujalitamka."

"Lipi?"

Mganga akapenga kamasi. "Unalijua."

Alilijua. Alikuwa amesema "bwana hayupo", amesema "ametutangulia", amesema "Mungu amempenda", maneno yote yale yanayotembea pembeni ya jambo. Akachukua rimoti. Akabonyeza moja. Taa ikazima, ikataka kuwaka, ikatetemeka.

"Mume wangu amekufa," alisema mjane. "Na mimi niko peke yangu."

Hakuna sahani iliyopasuka. Hakuna aliyepiga kelele. Mto wa kiti uliinuka polepole, ukajaa, kama mtu mzito anayesimama kwa maumivu ya magoti. Pazia la chumbani lilijivuta. Kitu kilipita kati yao, baridi, kikielekea mlangoni, na kilipofika karibu na mjane kikasimama, na akasikia pumzi shavuni. Kikapita. Harufu ikakifuata kama mkia, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi nyumba ilinuka sabuni na pasi.

"Yamekwisha," alisema mganga akifunga begi. "Ila lijue hili. Mara ya kwanza ulikosea, na kosa lina msamaha. Ukiliita tena kwa kujua, usinitafute. Mimi nafukuza wavamizi. Siachanishi wanandoa."

*

Binti wa maoni alipokuja tena, mjane alimwambia kwamba mzee amefariki. Hakusema lini. Binti akatoa pole za dhati, machozi yakamlengalenga.

"Na alikuwa ametusaidia mno, mama. Yale maneno yake watengenezaji waliyachukua. Wamebadilisha tamthilia nzima. Sasa jini hapigi kelele wala hatambai. Anakaa tu kwenye kiti, pembeni ya mwanamke mmoja. Watu wanasema hawajawahi kuogopa hivi. Wengine wamewaandikia tafadhali mrudisheni yule wa darini."

Kisha, kwa aibu, akang'oa kisanduku juu ya runinga. Nyumba za mtu mmoja, alieleza, kampuni ilikuwa nazo za kutosha.

Mjukuu alizaliwa salama, msichana, mwenye sauti. Mjane alimsikia kwenye simu. Alifua shuka ndogo, akazipiga pasi, akazipanga. Alifukuza panya. Alipaka chokaa chumba. Alikichukua kile kiti akakisugua kwa brashi na maji ya moto mpaka rangi ikatoka.

"Tunakuja mwisho wa mwezi, mama."

Mwisho wa mwezi mtoto alikuwa na mafua. Mwezi uliofuata mkwe hakupewa ruhusa kazini. Kisha mama mkwe wa binti akafika na mabegi yake kusaidia, na kumwacha mgeni nyumbani si adabu. "Umekasirika, mama?" "Nikasirike kwa lipi? Mwache mtoto apone." Akakata simu, akakunjua zile shuka ndogo, akazipiga pasi tena. Zilikuwa zimeanza kuwa nyembamba kwa kupigwa pasi.

Binti hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mtoto mchanga na hana usingizi. Jambo hili mjane alilijua vizuri sana, na kulijua hakukumsaidia kitu.

Jioni moja aliwasha runinga akakuta ndiyo hiyo tamthilia mpya ya majini. Mwanamke amekaa. Kando yake kiti. Kwenye kiti hakuna kitu cha kuona, ila mto umebonyea. Mwanamke anakula, kiti kipo. Mwanamke anasema jambo dogo juu ya mvua, na kiti kinaonekana kama kimesikia. Mtaa mzima wakati huo ulikuwa kimya. Katika kila nyumba watu walikuwa wamejibana pamoja chini ya shuka, wameshikana, wanatetemeka kwa raha. Muuza mkaa alipiga kelele moja iliyovuka ukuta, na mumewe akamcheka, naye akamcheka mumewe.

Mjane hakutetemeka. Alimwonea yule mwanamke wivu.

Akatazama kiti kilichosuguliwa. Akajisikiliza anavyotafuna. Tamthilia ikaenda kwenye matangazo, na nyumbani mule hapakuwa na mtu hata wa kumwambia kwamba ilikuwa nzuri.

"Nilisema uongo," mjane alisema. Hakupaza sauti. "Siku ile, mbele ya yule mganga. Siko peke yangu. Njoo ukae."

Kwa muda hakuna kilichotokea, naye akaona haya, akainuka kupeleka sahani. Alipogeuka, mto ulikuwa unashuka.

*

Kesho yake asubuhi binti yake alifika. Hakupiga simu, alitaka kumshtua mama yake kwa furaha. Alikuwa amewaacha mumewe na mama mkwe wagombane na sufuria zao, akapanda basi alfajiri, mtoto mgongoni, begi mkononi. Uchochoroni muuza mkaa alimpigia kigelegele. Mama yake alikuwa uani nyuma ya nyumba, mikono ndani ya povu, na mlango wa mbele ulikuwa umerudishiwa tu.

"Hodi!" aliita binti. "Hodi, bibi! Njoo uone nani amekuja!"

Mjane aliisikia sauti ile kule uani. Alitupa shuka, akakimbia na povu lake, akapita jikoni. Lakini ukumbini kulikuwa na aliyemtangulia kuitikia.

"Nani?" ilisema sauti kutoka kitini, nyororo, bila kikohozi.

Nje, kigelegele kilikatika katikati.

"Rudi ulikotoka, mwanangu," ilisema sauti, kwa upole wa baba. "Hapa tumetosha."

Mjane alifika mlangoni. Alikishika kitasa, kilikuwa kimelowa, kikateleza ndani ya mkono wenye sabuni, na mara ya kwanza hakikugeuka, wala ya pili. Alisikia begi likidondoka. Alisikia mtoto akianza kulia, kilio kipya kabisa ambacho simu haikuwahi kukifikisha kilivyo, na alisikia miguu ya mwanawe ikikimbia, na kilio kikipungua, kikipinda kona, kikizibwa na sauti za mtaa. Alipoufungua mlango palikuwa na begi tu, na kofia ndogo ya sufi.

Aliiokota kofia. Akaifua, maana ilikuwa imeingia vumbi, akaianika.

Mtoto yule sasa anaota meno, na bibi yake hajawahi kumwona.